Kabla Mkutubi Hajachagua

Juni mwaka jana nilikwenda kulalamika kwenye maktaba moja ya huku Nyanda za Juu Kusini. Jina lake naliacha, maana waliopo pale si waliosababisha. Malalamiko yangu yalikuwa mepesi: rafu ya kompyuta ilikuwa na nakala tano za mwongozo wa Windows 98, lakini upande wa kilimo sikukuta hata kitabu kimoja cha viazi mviringo. Na hapo nje barabarani malori ya lumbesa za viazi yanapita kutwa.

Mkutubi, mama wa makamo aliyevaa sweta juu ya kitenge na kofia ya kufuma (Juni ya huku haina mzaha), hakubishana nami. Alivuta daftari la mapokezi, lile kubwa la jalada gumu lenye safu zilizopigwa rula kwa wino mwekundu: tarehe, namba, mwandishi, jina la kitabu, kilikotoka, bei. Akaligeuzia upande wangu, akaweka kidole kwenye safu ya tano.

"Soma, mwanangu."

Msaada. Msaada. Msaada. Msaada. Ununuzi. Kisha msaada tena mpaka mwisho wa ukurasa. Na kwenye safu ya bei, kila palipoandikwa msaada palikuwa na kistari tu.

"Halafu umekuja kunigombeza mimi, kana kwamba ndiye niliyechagua."

Kile kistari ndicho ninachotaka kukifafanua. Tukizungumzia maktaba tumezoea kuishia kwenye "utamaduni wa kusoma": kwamba Watanzania hawasomi, kwamba ukitaka kumficha Mwafrika kitu kiweke kitabuni, msemo ambao mimi binafsi nimeuchoka. Ni nadra kusikia mtu akisema kwamba maktaba ni taasisi ya umma kama zilivyo zahanati na mizani ya barabarani, na kwamba mengi yanayoonekana rafuni yaliamuliwa mbali na rafu, na watu ambao pengine hawajawahi kuikanyaga.

Tuanze na fedha, kwa kuwa fedha ya serikali ina kalenda yake na ina majina yake. Maktaba za mikoa ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na Bodi iko chini ya Wizara ya Elimu, ambayo kwenye vitabu vya bajeti inajulikana kama Fungu 46. Kila mwaka kabla makadirio hayajaandikwa, hushuka kitu kinachoitwa ukomo wa bajeti. Ukomo ni neno la kulizingatia. Maana yake ni kwamba haulizwi kwanza unahitaji nini; unaambiwa kwanza mwisho wako ni wapi, ndipo unapanga mahitaji yaingie humo. Mkutubi wa mkoa anaweza kuandika orodha ya vitabu 500, na orodha ikawa nzuri kabisa, lakini ukomo ulikwisha kuandikwa kabla yake.

Ndani ya ukomo kuna mafungu matatu ambayo kila mtumishi wa umma anayajua: mishahara, matumizi mengineyo, na maendeleo. Mishahara haiguswi. Maendeleo ni majengo na miradi. Sasa jiulize vitabu vinakaa wapi. Mara nyingi hujikuta kwenye matumizi mengineyo, pamoja na umeme, maji, mafuta ya gari, wino wa printa, dawa ya mchwa na nauli ya mtumishi aliyeitwa Dodoma. Bili ya umeme isipolipwa, umeme unakatwa siku hiyo hiyo na wasomaji wanaona. Mlinzi asipolipwa haji. Kitabu kisiponunuliwa hakuna mtu anayekuja kukata kitu. Rafu inakaa kimya vilevile ilivyokaa jana. Kwa hiyo fedha inapofika pungufu, na hufika pungufu, wa kwanza kusubiri ni yule asiyeweza kupiga kelele.

Hapo hajatokea mtu mbaya. Hata mimi ningelipa umeme kwanza.

Fungu la maendeleo lina mwendo mwingine. Jengo lina jiwe la msingi, lina utepe, lina picha. Mwenge wa Uhuru huzindua jengo, kisima, barabara. Sijawahi kusikia Mwenge ukizindua ununuzi wa vitabu 300 vya hadithi. Diwani anayepigania maktaba ijengwe kwenye kata yake si mjinga wala si mnafiki: jengo atalionyesha miaka mitano ijayo akiomba kura, lakini vitabu vya mwaka wa tatu baada ya uzinduzi haviwezi kusimama jukwaani naye. Na jengo likishasimama linaanza kula: taa, ufagio, mlinzi, bati lililovuja. Yote hayo yanatoka kwenye lile fungu la matumizi mengineyo, lile lile vilimokuwa vikisubiri vitabu. Kwa hesabu hiyo, jengo jipya linaweza kupunguza vitabu.

Tajiri wa chuma wa Marekani, Andrew Carnegie, aliiona hatari hii zamani. Fedha zake zilijenga maktaba zaidi ya 2,500 duniani, nyingi zikiwa Marekani, lakini kwa kawaida alidai mji utoe kiwanja na uahidi kutenga kila mwaka asilimia 10 ya gharama ya jengo kwa ajili ya kuliendesha. Iko miji iliyokataa. Ilipiga hesabu ikaona zawadi ile ina mdomo.

Sisi tulianza vizuri kuliko tunavyokumbuka. Bodi iliundwa kwa sheria ya 1963 na ikasukwa upya kwa sheria ya 1975. Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, sikukuu ya Uhuru, miezi kumi baada ya Azimio la Arusha. Tarehe hiyo haikuokotwa. Maktaba ilikuwa mkono mmoja wa siasa ya wakati ule: mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mtu mzima aliyejifunza kusoma akikosa cha kusoma, baada ya muda anarudi alikotoka. Hoja ya kupeleka vitabu vijijini ilikuwa hiyo, na ilieleweka hata kwa asiyependa vitabu.

Kilichofuata nacho kilikuwa siasa na uchumi. Mwaka 1972, kwa mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri zilifutwa, na zile za wilaya zikarudi 1984. Kwa miaka ile yote hapakuwa na baraza la wilaya ambalo lingesema "hii ni maktaba yetu". Vita vya Kagera vikaja 1978, bei ya mafuta ikapanda, fedha za kigeni zikaadimika. Kitabu kutoka nje kilihitaji dola, na dola hiyo hiyo ilihitajika kwa dawa na kwa spea ya trekta. Mwaka 1986 serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na kubana matumizi kukawa ndiyo lugha ya kila ofisi. Katika ile maktaba niliyokwenda kulalamika historia hii inasomeka bila kufungua kitabu. Unafunua tu ukurasa wa pili, unaangalia mwaka wa kuchapwa: 1966, 1969, 1971, 1974, halafu kimya kirefu, halafu mihuri ya wafadhili.

Tofauti na maktaba za mikoa, maktaba za shule zina baba mwingine: ziko chini ya halmashauri na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia mikoa na halmashauri. Wazazi wengi hawalijui hili, na huishia kulalamika kwa mtu asiye na mamlaka. Elimu bila malipo ilipoanza 2016, ruzuku ya uendeshaji ilikuwa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Katika hizo, 6,000 zilikwenda shuleni na 4,000 zilibaki juu ili vitabu vya kiada vinunuliwe kwa pamoja. Piga hesabu ya shule ya wanafunzi 600 kule Rungwe au Kilolo. Kinachofika ni 3,600,000 kwa mwaka, sawa na 300,000 kwa mwezi, kwa chaki, mitihani, ukarabati mdogo, michezo na karatasi. Mwalimu mkuu anayetaka kununua vitabu vya hadithi hakatazwi na mtu. Anakatazwa na mgawanyo.

Na hata hicho cha kiada, nani anakiandika? Hapa siasa haijifichi kabisa. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 vitabu vya shule vilikuwa mikononi mwa dola. Tangu 1991 wachapishaji binafsi wakaruhusiwa. Mwaka 2013, baada ya bunge kuwaka moto kuhusu makosa yaliyokutwa kwenye vitabu vyenye ithibati, kamati iliyokuwa ikitoa ithibati hizo, EMAC, ikavunjwa, na kazi ya vitabu vya kiada ikarudi kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Kila kona ya safari hiyo ilikuwa na sababu zake. Lakini kwa mchapishaji binafsi, kitabu cha kiada ndicho kilichokuwa kikilipa mishahara na kumwezesha kujaribu riwaya, ushairi, hadithi za watoto. Ukiondoa cha kiada, hadithi inakosa mlezi, na rafu ya hadithi inapungua mwaka baada ya mwaka bila mtu yeyote kuamua ipungue.

Kisha kuna ile chenji ya rada. Mwaka 2001 serikali ilinunua rada kutoka kampuni ya Uingereza ya BAE Systems kwa pauni milioni 28. Uchunguzi ukafanyika, kampuni ikaafikiana na waendesha mashtaka wa kwao, na mwaka 2012 ikalipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Robo tatu ikanunua vitabu vya shule za msingi, robo ikanunua madawati. Naipenda habari hii kwa sababu inavua nguo maneno yote ya "mahitaji" na "vipaumbele". Watoto walihitaji vitabu 2005, walivihitaji 2009. Walivipata baada ya kesi ya rada.

Mlango wa pili wa kuingilia vitabu ni huo wa kistari: misaada. Sitaki kuibeza. Lipo shirika kama Book Aid International, lililoanza 1954 kwa jina la Ranfurly Library Service, ambalo leo hupokea vitabu vipya kutoka kwa wachapishaji wa Uingereza na kuvileta Afrika. Wako watoto waliosomea vitabu hivyo wakawa madaktari. Lakini msaada nao una uchumi wake. Mchapishaji anatoa kilichobaki ghalani, na kilichobaki ghalani kwake kimeandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya mtoto wa Leeds. Wengine hukusanya vitabu majumbani na kujaza kontena, na kontena linahesabiwa kwa uzito. Humo ndimo unapokuta mwongozo wa Windows 98.

Basi si uukatae? Nilimuuliza mama mkutubi hivyo hivyo. Alicheka kwa pua. Msaada hauji peke yake. Unakuja na ugeni. Mkuu fulani ameupokea, picha imepigwa, barua ya shukrani imekwenda. Mkutubi gani atasimama aseme nusu ya maboksi haya ni takataka? Kwa hiyo vinapokelewa vyote, vinapigwa muhuri, vinaandikwa daftarini. Na hapo unaingia mtego ambao msomaji wa kawaida hauoni: kitabu kikishapigwa muhuri ni mali ya umma. Kukiondoa hakutofautiani sana na kuondoa meza au pikipiki chakavu ya ofisi. Lazima kikaguliwe, kiorodheshwe, kiombewe kibali. Mkaguzi akija asikute kitabu namba 11,482, mwenye kujibu ni mkutubi. Kukiacha rafuni hakumgharimu chochote. Kwa hiyo kinabaki, kinachukua nafasi ya sentimita tatu ambayo haitapata kitabu cha viazi.

Kuna njia nyingine ya kusaidia, na iliwahi kujaribiwa hapa hapa. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991 kwa msaada wa Kanada, haukuleta vitabu. Ulimwambia mchapishaji wa Tanzania: chapa hadithi ya Kiswahili nakala 5,000, sisi tutanunua 3,000 tuzipeleke shule za vijijini, hizo nyingine uza. Fedha ni ya mgeni vilevile, ila mwandishi ni wa hapa, mchoraji wa hapa, na lugha ni ya mtoto anayesoma. Tofauti yote iko kwenye swali la nani aliyeshika hundi na aliipeleka duka gani.

Nikitoka Mbeya kwenda Iringa kwa basi, nikifika Mafinga huwa naangalia ile misonobari ya Sao Hill na kukumbuka Mgololo. Kiwanda cha karatasi kilianza kazi pale Mufindi 1985, na ndoto ilikuwa kwamba taifa litachapa vitabu kwa karatasi ya miti yake. Miaka ya 1990 kikasimama, 2004 kikabinafsishwa, leo kinatengeneza karatasi ngumu za vifungashio, mifuko ya saruji na mengineyo. Karatasi ya kuchapia vitabu sehemu kubwa inatoka nje, na dola ikipanda kitabu kinapanda. Sijui kama kuna eneo lingine nchini ambako mtu anaweza kusimama katikati ya msitu wa karatasi na kukosa kitabu.

Kuhusu kile kinachoruhusiwa kusomwa nitasema machache. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilitoa orodha ya vitabu vya kigeni vilivyopigwa marufuku shuleni kwa kukiuka maadili. Ukubaliane nayo au la, athari yake kubwa iko nje ya orodha: mkutubi mwangalifu hasubiri orodha ya pili. Kitabu chenye utata hakikataliwi, hakiagizwi tu. Magazeti nayo yana mashimo yake. Mawio lilifutwa Januari 2016, na leseni yake pamoja na za magazeti mengine matatu zikarudishwa Februari 2022. Atakayetaka kusoma miaka ile kwa jicho la magazeti hayo atakuta jalada la maktaba halina kitu, na mkutubi hana kosa.

Hata namba za mgongoni mwa vitabu si za bure. Mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba, uliotungwa Marekani 1876, ulizipa fasihi za Ulaya nyumba nzima nzima. Fasihi ya Kiingereza ya Uingereza ni 820. Fasihi yote ya Kiswahili imebanwa kwenye 896.392, namba ndefu ambayo kwenye kitabu chembamba cha mashairi haienei mgongoni, inabidi lebo ibandikwe mbele.

Vyuoni mambo yana sura nyingine. Mbeya na Iringa zina vyuo vikuu kadhaa, na kwao kilicho ghali zaidi ni majarida ya kitaaluma. Mengi wanayapata bure au karibu na bure kupitia mpango wa Research4Life, kwa sababu Tanzania iko kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni. Wakati huo huo, tangu Julai 2020 Benki ya Dunia inatuhesabu kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini, na tulishangilia. Siku tutakapotoka kwenye ile orodha ya kwanza, mkutubi wa chuo anaweza kupelekewa ankara, na atalazimika kuamua ni idara ipi iendelee kusoma. Umaskini wetu ni kadi yake ya maktaba.

Narudi kwa viazi. Nilipata kijitabu. Bwana shamba mmoja mstaafu alikiandika kutokana na miaka yake shambani, akakichapisha kwa fedha zake Mwanjelwa, kurasa 48, picha za ugonjwa wa ukungu zikiwa nyeusi-nyeupe lakini zinaonekana. Anauza 5,000. Nikampigia mama mkutubi nikamwambia: hiki hapa, kinunue.

"Ana risiti ya EFD?"

Hana mashine hiyo ya risiti za kodi.

"Amesajiliwa kwenye NeST?"

Nikaanza kuelewa. Tangu 2023 manunuzi ya umma yanapita kwenye mfumo huo wa kielektroniki, na uliwekwa kwa sababu nzuri, kuziba mianya ya wizi ambayo sote tunaijua. Lakini mzee mwenye nakala 200 chini ya kitanda hajasajiliwa popote, na duka lililosajiliwa haliuzi kijitabu chake. Uaminifu wa mfumo umemfungia nje pamoja na wezi.

Nikamlipa mzee 5,000 yangu, nikapeleka kijitabu mwenyewe. Mama mkutubi alikigeuza mbele na nyuma, akasoma ukurasa mmoja kuhusu mbegu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akakipiga muhuri, akavuta daftari. Tarehe, namba, mwandishi, jina la kitabu. Kwenye safu ya tano akaandika "msaada", na kwenye bei akaweka kistari.